Mbona Gari Hili Hawaliuzi Huku

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwangu, shangazi yako, ambaye bado napumua na bado nina ulimi wangu. Huku hatujambo wote. Baba yako anakusalimu. Ameamua kupaka ukuta wa mbele rangi kwa mkono wake mwenyewe, na sasa nyumba ina rangi mbili, kwa sababu kopo liliishia katikati na duka halina tena rangi ile. Ukimwuliza anasema ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Mama yako amenyamaza, na wewe unajua mama yako akinyamaza maana yake nini.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mimi na simu hatuivi chungu kimoja. Ukinipigia unaitikia "eeh, eeh" huku nasikia unabonyeza kompyuta, na tukishakata ndipo nakumbuka nusu ya niliyotaka kusema. Barua utaisoma ukiwa umekaa.

Sasa sikiliza jambo langu. Yule mwalimu wa pili wa shule yangu ya udereva, Mrefu, ameondoka. Amefungua shule yake mwenyewe mtaa wa nyuma, na wanafunzi waliokuwa wamebakiza masomo ya barabara kuu wamemfuata. Sina kinyongo naye, kila ndege huruka na ubawa wake. Ila nimebaki na kile kigari chetu cha petroli, ambacho siku hizi kinakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Mwanafunzi akikosea klachi kinazima, akikiwasha kinakunywa, akizunguka uwanja kinakunywa tena. Mimi nimekaa kiti cha mwalimu, mguu juu ya breki yangu ya pili, nautazama mshale wa mafuta kuliko ninavyomtazama mwanafunzi. Shule yangu ni gari moja, mwanangu. Gari likifa na shule imekufa, na kwa umri huu sijui kazi nyingine.

Nyumba ya jirani amepanga mpima ardhi. Ana gari dogo la dizeli, alikuja nalo kutoka pande hizo mliko. Gari lile halili. Linazunguka porini wiki nzima, linarudi limejaa vumbi, na halijapita kituo cha mafuta. Halina moshi wala kelele. Basi nimekwenda kwenye maduka yote ya magari hapa mjini kuulizia aina ile. Wanalo, jina lilelile, umbo lilelile, lakini la petroli tu. Wa kwanza alicheka. Wa pili akasema la dizeli halijawahi kuletwa. Wa tatu akaniambia, "Mama, hilo halina soko." Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa hiki hakijiuzi wala hakijitembezi, kimejificha. Wewe unafanya kazi ndani ya kampuni inayoyauza. Niambie, mbona gari hili hawaliuzi huku?

Wako,
Shangazi


Tarehe 1 Machi

Shikamoo Shangazi,

Mimi sijambo, baridi imeanza kupungua. Nimehamia chumba kingine, dirisha lake linatazama ukuta, lakini ni ukuta msafi na nimeshauzoea. Mwambie baba anitumie picha ya nyumba ya rangi mbili. Mama mwache anyamaze, akianza kusema itakuwa taabu zaidi.

Swali lako limenisumbua. Kazi yangu unaijua, ninaandaa makaratasi ya magari yanayotoka uani kwetu kwenda masoko ya nchi mbalimbali, na wateja wakizidi nashuka dukani kuwahudumia. Nikichungulia pale chini naona magari mawili yamesimama bega kwa bega, taa zilezile, viti vilevile. La dizeli litabaki hapa. La petroli linakuja pande zenu. Nimepanga makaratasi hayo miaka yote hii na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nikamwuliza bosi wangu.

Jumatatu aliniambia sababu ni kodi. Hapa kwa miaka mingi serikali ilitoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli, kwa hiyo mwenye dizeli aliokoa mara mbili: gari linakula kidogo, na chakula chenyewe ni rahisi. Kwingine bei zinakaribiana, basi nani ataongeza hela kwa injini iliyo ghali zaidi? Nikaona nimeelewa. Jumatano akaniambia sababu ni vibali. Kila nchi ina sheria yake ya moshi, gari lazima lipimwe upya kwa sheria hiyo, na kama wanunuzi ni wachache kampuni haijisumbui. Ijumaa tukiwa kwenye foleni ya kahawa akasema tatizo ni wanunuzi wenyewe. Wanakumbuka dizeli za zamani, zile za moshi mweusi zilizokuwa zinasukumwa asubuhi ndipo ziwake, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Bosi mmoja, wiki moja, sababu tatu. Fundi wa uani aliyekuwa nyuma yetu akaongeza ya nne. Anasema injini hizi mpya zina mashine za kusafisha moshi, na mashine hizo zinataka dizeli safi isiyo na salfa. Ukiyaweka mafuta machafu zinakufa. Na ndizo hizohizo zinazopandisha bei ya gari.

Kusema kweli sijui ipi ndiyo sababu na ipi ni kisingizio. Watu hawalinunui kwa sababu halipo, na halipo kwa sababu watu hawalinunui. Hata hapa mambo yamegeuka. Juzijuzi dizeli zilikuwa zinasifiwa, leo miji mingine inazuia zile za zamani zisiingie katikati, kwa ajili ya vifua vya watu. Nikipata jibu lililonyooka nitakuandikia.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 20 Machi

Marahaba mwanangu,

Tumeipokea barua yako salama. Baba yako alipata kopo lingine la rangi, ila si ileile, kwa hiyo sasa nyumba ina rangi tatu. Mama yako amesema neno moja, na sitaliandika hapa.

Nimeirudia barua yako mara nyingi, na kila nikifika mwisho najua kidogo kuliko nilivyoanza. Ulikwenda na swali moja ukarudi na majibu manne, na hakuna hata moja linalonihusu. Kodi, haya, bei za mafuta huku hazipishani sana, lakini anayekula sahani moja na anayekula mbili hawalingani hata chakula kiwe bei moja. Vibali, gari la mpima ardhi lina namba zake na askari wanalipungia mkono. Wanaokumbuka moshi mweusi, hata mimi naukumbuka, ndiyo maana nilikwenda nikatia kidole kwenye bomba lake la moshi. Kidole kilitoka kisafi. Mpima ardhi akanikuta nimechuchumaa nyuma ya gari lake. Nilimwambia nimeangusha hereni, na yeye akainama tukaitafuta wote wawili.

Hiyo ya salfa ndiyo iliyonipeleka kituo cha mafuta. Nikamwuliza kijana wa pampu, "Hii dizeli yenu ina salfa?" Akanijibu, "Ukitaka tunakuwekea." Nikaomba meneja. Meneja akanionyesha pampu moja ya pembeni, anasema hiyo ni dizeli safi, imeanza kuja mwaka huu. Nikamwuliza, kama mafuta safi yamefika, magari yake mbona hayafiki? Anasema wao wanasubiri magari. Nikarudi kwa wauza magari, nao wakaniambia wanasubiri mafuta. Mwanangu, huku kila mtu yuko kwenye foleni na hakuna aliye mbele.

Sasa mambo yameiva. Mpima ardhi amemaliza kazi, anaondoka, na gari analiuza. Kigari chetu kimezima moja kwa moja, nimekiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Kipande changu cha shamba kimepata mnunuzi. Nikikosea hapa sina gari la pili na sina shamba. Wanafunzi nilio nao ni wa mjini tu: yule mshonaji anayefumba macho akipishana na lori, muuguzi wa zahanati, na mwenye duka la dawa. Wanazunguka uwanja wa nyuma ya zahanati, wanafika sokoni, wanarudi. Ya barabara kuu siyafundishi, unajua, na sina haja ya kuyaongelea.

Nipe neno moja. Ninunue au nisinunue?

Shangazi


Tarehe 30 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi ilikuwa nyingi, halafu nikapata mafua, halafu nimechelewa tu. Natumaini baba amemaliza ukuta. Ile ya hereni niliwahadithia wenzangu kazini na bosi alicheka mpaka akamwaga chai. Siku hizi ananiuliza shangazi yako anasemaje.

Kuhusu gari. Ni gari zuri. Injini ile naifahamu, hatupati malalamiko mengi juu yake. Ukitumia ile pampu ya pembeni, mafuta hayatakuwa na shida. Mpima ardhi alikuwa mtu wa safari ndefu, na hilo limelisaidia. Kuna mambo ambayo sisi huwa tunamwuliza mteja kabla hajachukua dizeli, lakini wewe ni mwalimu wa udereva, magari unayajua kuliko sisi tunaokaa ofisini.

Nilikuwa nimeandika ukurasa mwingine, nikauchana. Haukuwa na la maana.

Uamuzi ni wako, Shangazi. Msalimie mshonaji, mwambie afumbue macho.

Chiriku


Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Barua yako imenikuta nimeshanunua, maana mpima ardhi hakuweza kungoja. Na hata ingewahi, sioni ndani yake palipoandikwa ndiyo wala hapana. Umekuwa mwanasiasa huko.

Lakini acha nikupe raha yangu. Fundi amenifungia breki ya mwalimu, nimebandika vibao vya mwanafunzi mbele na nyuma, na gari limesimama mlangoni limeng'aa mpaka majirani wanajitazama humo. Siku ya kwanza nilimpa muuguzi. Alilizima mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na halikununa. Mshale wa mafuta umelala pale ulipokuwa. Niligonga kioo chake nikidhani umeharibika. Mrefu alipita na wanafunzi wake, akapunguza mwendo kutazama, nami nikampungia mkono mpaka akaona haya. Nimetangaza pia kwamba hakuna ruhusa ya kwenda mbio ndani ya gari hili. Gia ya kwanza, gia ya pili, taratibu. Nataka linizike.

Wenye sababu zao nne wakae nazo. Ila umesema kuna mambo mnayomwuliza mteja. Ni mambo gani? Andika tu, kwa ajili ya kujua.

Shangazi


Tarehe 6 Julai

Chiriku,

Tangu Mei sijaona barua yako. Baba yako anasema posta, mama yako anasema mapenzi. Mimi sisemi kitu, ila naandika tena.

Gari linaumwa. Unajua utaratibu wangu, mwanafunzi hagusi ufunguo mpaka anitajie taa zote za dashibodi moja baada ya nyingine. Wiki tatu zilizopita iliwaka taa ya njano, kama kisanduku chenye vitone ndani. Muuguzi akaniuliza, "Na hii, Mwalimu?" Siijui. Miaka yote niliyofundisha sijawahi kuiona. Nikamwambia hiyo ni ya mwalimu peke yake, akaridhika, na mimi nikaanza kutokwa na jasho. Haijazima mpaka leo. Gari limekuwa zito, kile kimlima cha kuingilia sokoni linakipanda kwa kujikokota na watu wa miguu wanatupita.

Fundi amelala chini yake nusu ya asubuhi. Anasema ndani ya bomba la moshi kuna chujio, na chujio limejaa masizi mpaka injini inakosa pumzi. Nikamwuliza limejaaje, mbona mafuta naweka yale safi, na mwendo ni wa bibi harusi? Hajui. Anasema magari machache yenye kitu hicho yaliyopita mikononi mwake, wenyewe wote walikikata na kuchomelea bomba tupu. Nikamwuliza, na hayo masizi yatakwenda wapi? Akanionyesha hewani. Wewe uwanja wetu unaujua, upo nyuma ya zahanati, na wagonjwa wanangojea kwenye mabenchi palepale kwenye uzio. Siku nzima tutakuwa tunawapulizia.

Nimechanganyikiwa, mwanangu. Nimelitunza gari hili kama yai. Sijawahi kulikimbiza hata mara moja, na linakufa. Mpima ardhi alikuwa analipigisha mawe porini, nalo likawa zima. Nani anielezee? Wanafunzi nimewarudisha majumbani, mwenye duka la dawa ameshakwenda kwa Mrefu. Fundi anataka jibu. Nisipokusikia safari hii nitamwachia akate.

Shangazi


Tarehe 24 Julai

Shikamoo Shangazi,

Usimruhusu fundi akate. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, unisamehe.

Uliniuliza tunamwuliza nini mteja. Mtu akiingia kwetu akitaka dizeli, kabla hajakaa tunamwuliza swali moja: unaendesha wapi? Akisema ni mjini tu, kupeleka watoto shule na kurudi, tunamwonyesha la petroli. Chujio lile hukusanya masizi, halafu huyachoma lenyewe. Lakini ili liyachome, bomba lazima lipate moto mkali, na moto huo haupatikani kwenye gia ya kwanza na ya pili. Unapatikana gari likikimbia mwendo mmoja, mbali, bila kusimamasimama. Mpima ardhi hakulitunza, alilisafirisha, na hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Wewe umelitunza kwa mwendo wa taratibu, na mwendo huo ndio unaoliziba. Hii nayo ni sababu, Shangazi. Kwenye miji ambako watu wanatambaa kwenye foleni tangu asubuhi mpaka jioni, gari hili linageuka mgonjwa, na muuzaji anayelijua hataki lawama. Bosi hakunitajia kwa kuwa hapa kila mtu anaijua.

Hata mimi nilikuwa naijua. Uliponiomba neno moja nilikuwa nalo. Swali ambalo namwuliza mtu baki aliyeingia kujikinga mvua, wewe sikukuuliza. Kwa sababu ungenijibu kwamba barabara kuu huendi, na mimi ningelazimika kuuliza mpaka lini, na kwenye familia yetu hakuna anayeuliza hivyo. Tangu mume wako alipofia kwenye ile kona akirudi na matairi ya shule, hujavuka kibao cha mwisho wa mji. Harusi za nje ya mji unaumwa kichwa. Misiba ya nje ya mji unatuma rambirambi. Ukamwachia Mrefu masomo ya barabara kuu, na sisi wote tukaita huo ni mgawanyo wa kazi. Niliogopa kukutonesha, nikakuacha ununue gari lisiloweza kuishi mjini. Ukurasa niliouchana ulikuwa huu. Naona aibu, Shangazi.

Sasa nisikilize. Kama taa imetulia tu, haiwaki na kuzima, bado kuna nafasi. Jaza mafuta kwenye pampu yako ya pembeni. Gari litoke asubuhi, barabara ikiwa nyeupe. Gia ya nne, mwendo usishuke chini ya themanini, liende hivyohivyo mpaka taa izime. Yaweza kuchukua nusu saa, yaweza kuzidi. Lisisimame njiani na injini isizimwe. Baadaye lipelekwe hivyo mara kwa mara, la sivyo litajaa tena.

Si lazima uendeshe wewe. Mwombe Mrefu. Mwombe yeyote.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 11 Agosti

Chiriku,

Barua yako nimeipata.

Ya gari nimeyaelewa. Ya kona sikukuuliza.

Mrefu sitamwomba. Fundi nimemwambia angoje.

Baba yako hajambo.

Shangazi


Tarehe 2 Septemba

Mwanangu,

Ile barua fupi niliiandika nikiwa na hasira, na ilipokwisha ondoka nilitamani kuikimbilia posta. Usiiweke moyoni. Hasira haikuwa yako peke yako, ilikuwa na wenyewe wengi.

Nimekwenda. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mshonaji alijitolea kunisindikiza, nikamwambia tukienda wawili tutafumba macho wote. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, na unajua ni muda gani sijakaa pale isipokuwa kulitoa gari kivulini? Mguu wangu ulikuwa unatafuta breki ya mwalimu upande ambao haupo. Nikapita soko, nikapita zahanati, nikafika kile kibao cha mwisho wa mji. Nilitaka kusimama pale, kisha nikakumbuka amri zako. Ikabidi nijifundishe mwenyewe kwa sauti, kama ninavyowafundisha wao: tazama kioo, legeza mabega, usiukumbatie usukani, haujakuomba mahari. Gia ya tatu. Gia ya nne. Gari likawa jepesi, mwanangu, kama limevuliwa koti.

Kona naijua. Nimeiendesha kichwani miaka hii yote. Unapita machimbo ya mawe, unapita daraja, barabara inazunguka mwamba mkubwa, na huoni kinachokuja mpaka kimekufikia. Nilijua pale nitataka kupunguza mwendo, na wewe umesema mwendo usishuke. Tuligombana njia nzima, mimi na wewe. Nilikuambia maneno ambayo hutayasikia, kwa hiyo ni salama. Na marehemu nilikuwa nimemwandalia maneno yake, machache tu, ya kusema nikiwa napita.

Machimbo nikayaona. Daraja nikaliona, limekuwa pana. Nikashika usukani kwa mikono miwili nikingoja. Nikaona vibanda vya matairi, nikaona kituo kipya cha mafuta, barabara imenyooka mpaka macho yanachoka, na mimi bado nangoja. Nilipotupa jicho kwenye dashibodi, taa ilikuwa imezima. Sijui imezima saa ngapi. Nilikuwa natafuta kona. Nikajikuta nimeingia mji wa pili.

Nikageuza. Safari ya kurudi nilikwenda polepole, kwa vile dawa ilikuwa imeshafanya kazi. Sikuiona. Nikageuza tena, watu wa vibandani wakaanza kunitazama. Nikamwuliza muuza matairi mmoja. Akasema, "Kona ipi, mama? Walipasua mwamba wakanyoosha barabara, mambo ya zamani hayo." Alikuwa anashangaa kwamba kuna mtu asiyejua. Nikamwuliza ilikuwa sehemu gani. Akaonyesha huku, kisha akaonyesha kule, kisha akasema yeye mwenyewe alihamia pale baadaye.

Mwanangu, sijui niseme nini. Nimeogopa mahali ambapo hapapo. Wamepanyoosha, na hakuna aliyekuja kuniambia, na angeniambia nani, wakati niliwafunga wote midomo? Ningepaswa kufurahi, barabara sasa ni salama, hakuna mke mwingine atakayeletewa habari ile. Lakini nimerudi nikiwa kama mtu aliyeibiwa. Nilisimama pembeni, mahali popote tu, injini ikiunguruma kwa kuwa niliogopa kuizima, nikalia. Yale maneno ya marehemu sikuyasema. Ningeyasemea wapi?

Gari ni zima. Linapanda kimlima cha soko likiimba. Na kwa kuwa lazima liende mbali mara kwa mara, nimetangaza masomo ya barabara kuu, kila Jumapili, mwalimu ni mimi. Muuguzi amejiandikisha wa kwanza, na mwenye duka la dawa ameniletea salamu za kujikomba. Baba yako anakusalimu, mama yako anakusalimu na kusema uje uione hiyo nyumba kabla haijapata rangi ya nne. Kuhusu ule ukurasa uliouchana, tumeshamalizana.

Nina swali moja, na safari hii nataka jibu lililonyooka. Ulipokuwa shule ya bweni ulipita pale kila muhula, kwenda na kurudi, na nyumbani sikukuuliza hata siku moja umeona nini njiani. Sasa nakuuliza. Kutoka darajani ilikuwa mbali au karibu? Mwamba ulikuwa upande wa bonde au upande wa machimbo? Kulikuwa na mti, kulikuwa na nini? Niandikie unavyokumbuka, hata kama ni kidogo. Jumapili nitapita tena, na nataka nijue ni wapi nipunguze mwendo.

Shangazi yako